Chini ya Bati: Somo la Joto la Kibera na Kawangware

Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong. Ukitoka hapo ukashika Barabara ya Naivasha, hujatoa jasho umeingia Kawangware. Ukishika upande wa kusini-mashariki, muda si mrefu uko Kibera. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao zilizopishana, kilichoinuliwa juu ya nyasi ili hewa ipite na jua lisifike. Kisanduku hicho kilibuniwa na Thomas Stevenson wa Scotland, baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson, katika miaka ya 1860, na shabaha yake kuu ni kukizuilia kipimajoto mionzi. Kwa hiyo redio ikitangaza kwamba leo Nairobi itafika digrii 27, hizo ni digrii za hewa iliyokaa kivulini.

Mama anayefua ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi huko Gatwekera ya Kibera au Gatina ya Kawangware, saa saba mchana mwezi wa Februari, hana kisanduku cha Stevenson. Juu ya kichwa chake, karibu kiasi cha kufikiwa na mkono, kuna bati.

Msimu wa joto wa 2015 kuingia 2016, watafiti wa Nairobi, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wa Msalaba Mwekundu walitundika vipimajoto vidogo vya bei nafuu katika Kibera, Mathare na Mukuru. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la PLOS ONE, yalionyesha kwamba mitaa hiyo ilikuwa na joto zaidi kuliko kituo cha Dagoretti kwa digrii kadhaa. Kawangware haikuwamo, ingawa ndiyo jirani wa karibu zaidi wa kituo chenyewe. Utafiti huo ulikuwa na thamani kubwa, lakini ulipima hewa. Mionzi ni hesabu nyingine, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hesabu yenyewe.

Kozi ya juu ya joto katika shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, iwe Nairobi, Juja au kwingineko duniani, huwa na mguu mmoja katika upitishaji, yaani joto linaposafiri ndani ya kitu chenyewe, na mguu wa pili katika mionzi, yaani joto linaporushwa kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kuhitaji kitu katikati. Upitishaji una mzee wake, Joseph Fourier, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1822. Una pia msahafu wake, kitabu cha Carslaw na Jaeger cha mwaka 1947, ambacho mpaka leo mwanafunzi akikwama huelekezwa huko. Mwanafunzi hupewa ukuta mnene, kisha silinda, kisha tufe, na wiki zinapita akijumlisha mifululizo ya Fourier. Mionzi mara nyingi huja muhula ukiwa umechoka.

Mpangilio huo haukuzuka bure. Mlinganyo wa Fourier ni mtiifu: masuluhisho mawili ukiyajumlisha unapata la tatu. Mionzi haina adabu hiyo. Inakwenda kwa kipeo cha nne cha halijoto, kama Josef Stefan alivyotambua mwaka 1879 na Ludwig Boltzmann akathibitisha kwa nadharia mwaka 1884. Isitoshe, kila uso chumbani unaonana na kila uso mwingine, hivyo huwezi kuhesabu paa bila kuhesabu sakafu, kitanda na mtu aliyeketi. Mhadhiri mwenye wiki kumi na nne hawezi kulaumiwa sana. Lakini nyumba ya bati inaupindua mpangilio wake wote.

Tuanze na upitishaji, tuumalize haraka. Bati la geji 30 lina unene wa takriban robo milimita, na chuma hupitisha joto vizuri. Hata likishusha wati 200 kwa kila mita mraba, tofauti ya joto kati ya uso wake wa juu na wa chini ni kama sehemu moja ya elfu ya digrii. Namba ya Biot, ambayo wanafunzi huitumia kuamua kama ndani ya kitu kuna tofauti ya joto inayostahili kuhesabiwa, inaanguka chini ya moja ya elfu kumi, ilhali kikomo cha vitabuni ni moja ya kumi. Bati lote, juu na chini, ni joto moja. Na kwa kuwa ni jembamba hivyo, halina akiba: linajibu mabadiliko ya jua kwa muda wa sekunde 40 hivi. Wingu likipita, dakika mbili baadaye bati limeshapoa na chumba kimehisi. Milio ile ya paa inayosikika jua linapochomoza na wingu linaposogea ndiyo hiyo. Bati la mita tatu likipata joto la ziada la digrii 35 hurefuka kwa zaidi kidogo ya milimita moja, na misumari haitaki.

Kwa maneno mengine, sehemu ya kozi iliyochukua nusu ya muhula inatoshelezwa na mstari mmoja wa hesabu.

Sasa mionzi. Chukua jua la mchana Nairobi, karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600: anga likiwa safi, wati zipatazo 1,000 zinatua kwenye kila mita mraba. Chukua bati lililozeeka, lenye kutu na vumbi, linalofyonza asilimia 85 ya jua hilo. Chukua hewa ya digrii 27, upepo mdogo, na anga ambalo kwa macho ya mionzi ya joto ni sawa na dari la digrii 10. Ukisawazisha kinachoingia na kinachotoka, bati linatulia kwenye digrii 60 hivi. Sehemu ya joto hilo inarudi angani, sehemu inachukuliwa na upepo, na wati karibu 200 kwa kila mita mraba zinashuka chumbani. Robo tatu ya hizo zinashuka kama mionzi, kwa sababu hewa moto hukaa juu na haina haraka ya kushuka. Chumba cha mita tatu kwa tatu kinapokea jumla ya wati 1,800, kama pasi mbili za umeme zilizowashwa na kuning'inizwa chini ya paa.

Mtu aliyeketi katikati ya chumba hicho, robo ya anachokiona mwili wake ni bati la digrii 60 na sehemu iliyobaki ni kuta na sakafu za digrii 33. Wastani wa halijoto ya mionzi inayomzunguka ni digrii 40. Kipimajoto cha kawaida ukutani kinaweza kuonyesha 31, akaambiwa si mbaya. Mwili wake unajua ni 35 au 36. Kifaa cha kupima jambo hili ni cha zamani na ni rahisi: tufe la shaba lililopakwa rangi nyeusi, lenye kipenyo cha sentimita 15 na kipimajoto katikati, ambalo mtafiti Vernon alilieleza Uingereza mwaka 1930. Sioni kwa nini fundi wa jua kali asiweze kulitengeneza.

Hapo ndipo swali linapoanza kuwa la uzamili hasa. Je, bati jipya linalong'aa ni bora kuliko kuukuu? Wengi wangesema ndiyo, wakitoa sababu kwamba linarudisha jua. Hesabu inajibu kwa namna inayoshangaza. Bati jipya la zinki hufyonza kama asilimia 65 ya jua, pungufu ya lile la kutu. Lakini emisiviti yake, namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha uso unavyoweza kurusha mionzi yake wenyewe, ni kama 0.13 tu, wakati bati la kutu linakaribia 0.85. Jua linarusha mionzi ya mawimbi mafupi; bati la digrii 60 linarusha mawimbi marefu, ya mikromita kumi hivi, na uso mmoja unaweza kuwa na tabia mbili tofauti kwa mawimbi hayo mawili. Gustav Kirchhoff aliweka msingi wa jambo hili kuanzia mwaka 1859: uso unaofyonza vizuri wimbi fulani hulirusha vizuri pia, lakini wimbi hilohilo, si lingine. Kwa hiyo bati jipya linapokea jua na kukosa njia ya kulitema. Linapanda mpaka digrii 73 hivi. Ukiligusa utaungua zaidi kuliko ukigusa la kutu.

Na bado chumba kilicho chini yake kina nafuu! Ule ugumu wa kutema joto unafanya kazi pande zote mbili. Bati jipya la digrii 73 linashusha mionzi ya wati 40 tu kwa mita mraba. La kutu la digrii 60 linashusha 150. Joto la paa na joto analohisi mtu ni vitu viwili. Mwanafunzi akishalielewa hili vizuri, ameelewa sehemu kubwa ya kozi.

Linaeleza pia jambo ambalo wapangaji wa zamani hulilalamikia, kwamba nyumba huzidi kuwa moto kadiri inavyokaa. Mara nyingi lawama hupewa kutu ya juu. Mimi ningeangalia uso wa chini. Jiko la makaa na stovu ya mafuta ya taa vikipikiwa ndani kwa miaka mingi, masizi huupaka uso wa chini wa bati mpaka unakuwa mweusi. Masizi yana emisiviti iliyo karibu na 0.95. Bati linalong'aa ambalo lilikuwa linasitasita kurusha mionzi chumbani sasa linairusha bila kizuizi. Kila jioni ya kupika inaongeza kidogo joto la mchana wa kesho.

Hapa kuna mtego wa vipimo unaostahili onyo. Ile bunduki ya kupimia joto kwa mbali, ndugu ya ile iliyokuwa ikielekezwa kwenye mapaji ya nyuso wakati wa korona, hudhani kila kitu kina emisiviti ya 0.95. Ngozi ya mtu inakaribia hapo, hivyo inafaa. Ukiielekeza kwenye bati jipya la digrii 73 mchana, sehemu kubwa ya kinachoifikia ni anga baridi linaloakisiwa na zinki, na itakuandikia digrii 20 au hata pungufu. Tasnifu nzima inaweza kujengwa juu ya takwimu hizo za uongo. Dawa yake ni kipande cha utepe mweusi wa mafundi wa stima: ubandike juu ya bati, usubiri dakika chache, kisha upime utepe.

Usiku mambo yanageuka. Anga safi la usiku wa Nairobi, hewa ikiwa digrii 12, kwa macho ya mionzi liko chini ya sifuri. Bati la kutu linaloonana na anga hilo linatema joto mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayoligusa, kwa digrii moja au mbili. Ndani kuna watu wanne wanaopumua na sufuria iliyochemka jioni, na unyevu huo ukifika kwenye bati la digrii 10 unageuka maji. Asubuhi matone yanadondoka kitandani na mtu anadhani mvua imepenya. Kwa hiyo nyumba ileile inayochoma saa saba mchana inagandisha saa kumi alfajiri, na wizara, mashirika na wafadhili wanaozungumzia joto la mitaa ya mabati mara nyingi huisahau nusu hii ya pili. Utafiti wa vifo vya miaka ya 2003 hadi 2008 katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusisha vifo na joto na pia na baridi. Nairobi si Khartoum. Suluhisho la upande mmoja hapa linaweza kumtoa mtu motoni likamtupa barafuni.

Fourier hajaachwa bila kazi, lakini kazi yake iko ukutani. Kibera bado ina kuta nyingi za udongo na fito, nyingine zikiwa zimepigwa plasta ya saruji. Katika ukuta wa udongo, wimbi la joto la saa 24 hupungua hadi kama theluthi likipenya sentimita 11. Ukuta wa sentimita 15 unalipunguza mpaka robo na kulichelewesha kwa saa tano. Joto lililogonga nje saa nane mchana linafika ndani saa moja usiku, limedhoofika, wakati linapoanza kuhitajika. Hii ni milinganyo ileile ambayo Fourier aliitumia kuhesabu jinsi joto la majira linavyozama ardhini.

Halafu watu wanaubomoa ukuta huo na kuweka bati. Sababu ni za kweli: ukuta wa bati unasimama kwa siku moja, hauli nafasi katika ploti iliyobanana, mvua ya masika haiubomoi, na ukiambiwa uhame unaung'oa na kuondoka nao. Kawangware, penye vyumba vingi vya bati tupu, chumba kimebaki bila akiba yoyote ya joto, na ukuta wa magharibi unarudia alasiri kile ambacho paa lilifanya mchana. Gorofa za mawe zinazochipuka kando ya vyumba vya aina hii, kama zile za mpango wa serikali kule Soweto Mashariki, Kibera, zilizokabidhiwa mwaka 2016, zina akiba hiyo tele. Anayelalamika huko huwa ni wa gorofa ya mwisho, aliye chini ya paa.

Vichochoro navyo vina hesabu yake, na ni nzuri kiasi kwamba siwezi kuiruka. Hoyt Hottel wa MIT alibuni njia ya kuhesabu mwonano wa nyuso kwa kunyoosha nyuzi za kufikirika kati ya kingo zake, zilizopishana na zisizopishana. Chukua kichochoro cha upana wa mita moja kati ya kuta za mita 2.2. Nyuzi za Hottel zinasema ardhi yake inaona asilimia 22 tu ya anga. Mchana hiyo ni baraka, kivuli cha bure. Usiku kuta zinaonana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikirudishia nyingine joto lake, na kichochoro hakipoi. Paa linaloona anga lote limeshaganda. Mtaro ulio chini yake bado una uvuguvugu. Ni mita mbili tu kati yake.

Basi tufanye nini? Jibu lenye wafuasi wengi duniani ni rangi nyeupe. Ahmedabad, India, ilianza mpango wa mapaa ya kupoza mwaka 2017 katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, na kwa mji ule, ambako hewa yenyewe hupita digrii 40, ni hatua ya busara. Kwa Kibera, rangi nyeupe iliyo safi inashusha bati kutoka digrii 60 hadi 37 hivi. Namba hiyo inavutia sana. Lakini vumbi jekundu na moshi vikiitia uchafu mpaka ikafyonza nusu ya jua, bati linarudi 46. Na ukifika Julai, mawingu yakiwa yamefunika mji siku nzima na jua likiwa la kubahatisha, paa jeupe linalifukuza hata hilo dogo, huku usiku emisiviti yake kubwa ikizidi kutema joto angani. Rangi nyeupe inatibu Februari kwa kuiumiza Julai.

Dari linatibu yote mawili, na wapangaji walishagundua zamani. Vyumba vingi vya Kibera na Kawangware vina katoni zilizokunjuliwa, gunia au nailoni zilizopigiliwa chini ya bati. Mtu wa nje huona umaskini. Mtu wa mionzi anaona ngao. Katoni si kizuizi kikubwa cha upitishaji, maana ni nyembamba. Inachofanya ni kusimama kati ya bati na mtu, ipokee mionzi yenyewe, ipate joto la digrii 47 badala ya 60 za bati, na irushe kidogo. Joto linaloshuka linapungua karibu nusu. Ukibandika juu ya katoni hiyo karatasi ya alumini yenye emisiviti ya 0.05, wati 200 zinashuka mpaka 30 au 40. Karatasi hiyo ni nyembamba kuliko unywele, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na ngozi yake peke yake. Kusini mwa Brazil, mjini Passo Fundo, mradi wa Brasil Sem Frestas hushona pakiti za maziwa zenye alumini ndani na kuzitandaza kwenye nyumba za mbao za maskini. Pakiti za aina hiyo zimejaa katika mitaro ya Nairobi.

Kikwazo cha kwanza ni moto, na hiki si cha kupuuza. Katoni ni kuni. Nyaya za stima zilizounganishwa kiholela hupita hapohapo chini ya paa. Moshi wenye masizi ukijikusanya juu na kufika digrii 600 hivi, unarusha chini kilowati 20 kwa mita mraba, mara ishirini ya jua la mchana, na kila kinachoweza kuungua chumbani kinawaka kwa mpigo. Kipeo cha nne hakisamehi. Ukuta wa bati hausaidii jirani: hauungui, lakini kwa zile sekunde 40 zake unageuka kuwa jiko upande wa pili. Vyuo vikuu vya Stellenbosch na Edinburgh vimelichunguza jambo hili Afrika Kusini kwa kujenga vibanda na kuviteketeza kwa makusudi, hadi vibanda 20 kwa pamoja. Kwa hesabu za namna hiyo unahitaji sura zile za mwisho za vitabu vya mionzi, za gesi na moshi unaofyonza na kurusha wenyewe, sura ambazo muhula haufiki.

Kikwazo cha pili si cha fizikia. Mwenye ploti hulipia bati. Mpangaji hulipia joto. Mwenye ploti akiweka dari, kodi yaweza kupanda au isipande, na mpangaji akilipia dari la kudumu, mwezi ujao anaweza kuhamishwa akaliacha. Hapo ndipo ninapokumbuka jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Maxwell Kinyanjui, shirika la KENGO na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalifanya la Kenya: kiuno chembamba, bati nje, kigae cha udongo ndani cha kuzuia joto lisipotee ubavuni. Jiko hilo lilienea Kenya nzima na kuvuka mipaka. Kigae kilikuwa kizuri, lakini kilichoshinda ni kwamba mpangaji alilinunua kwa pesa yake sokoni, na alipohama alihama nalo.

Dari halijapata Shauri Moyo yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo tasnifu inayongoja mwandishi, na haina haja ya maabara kubwa. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika, mwaka 1963, alipoona mchanganyiko wake wa moto wa aiskrimu ukitangulia kuganda. Alichekwa darasani, akashikilia swali lake, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakalichapisha. Wanafizikia bado wanabishana juu yake. Swali la dari ni jepesi kuliko hilo, na lina watu wengi zaidi wanaolisubiri. Linataka vipimo vya emisiviti ya bati la umri tofauti lenye masizi ya viwango tofauti, tufe jeusi katika vyumba kumi vya Kawangware vyenye dari na kumi visivyo nalo, Februari na tena Julai. Linataka pia kitu kisichowaka kwa urahisi, kinachokatika kwa kisu, kinachobebeka kwenye mkokoteni pamoja na kitanda.

Kuna uamuzi mmoja wa fundi ambao hesabu inaweza kumsaidia leo hii. Ukiwa na karatasi ya alumini na katoni, upande unaong'aa utazame juu, kwenye bati, au chini, chumbani? Kwa mlinganyo wa mionzi, karibu ni mamoja: uso huo ukitazama juu unakataa kufyonza, ukitazama chini unakataa kurusha. Tofauti inaletwa na uchafu. Juu kuna vumbi linalotua kila siku kupitia mianya ya bati, na vumbi lina emisiviti ya 0.9. Chini hakuna vumbi linaloweza kutua, ila kuna masizi. Kwa hiyo chumba kinachopikia gesi, au kinachopikia nje, ung'ao utazame chini. Chumba cha stovu ya mafuta ya taa au jiko la makaa, utazame juu, na vipande vifungwe kwa kamba badala ya misumari, vishushwe na kupanguswa kila mwaka kabla ya Januari.